Nani kapoteza, nani kapata? Jinsi ya kutambua uoksidishaji na upunguzaji

Leo naomba tuweke pembeni siasa za nyumbani na ule ugomvi wetu usioisha wa ngeli. Nina somo la kemia. Msikimbie jamani, hata nyie wa lugha na historia mmo humu ndani, mtajiona mbele ya safari.

Chanzo ni mpwa wangu aliyeko Tanga, kidato cha tatu. Alinipigia simu usiku. "Shikamoo mjomba. Mjomba, mwalimu katwambia kwamba reduction ni kupata elektroni. Sasa ukipata, umepunguzwaje?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nimefundisha kemia zaidi ya miaka ishirini, uzamivu nimeufanyia Ulaya, na hapa Al Wakrah ninapoishi majirani wananiita daktari mpaka wananiletea watoto wenye homa. Lakini swali lile, lilivyoulizwa kwa Kiswahili, lilinikwamisha. Nikaanza kumjibu kwa Kiingereza, maneno yakatiririka, naye akasema "Asante mjomba" kwa ile sauti ya mtu ambaye hajaelewa kitu ila ana adabu. Ilinikera usiku kucha. Nikamwambia anipe wiki moja. Haya hapa chini ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo kwa ajili yenu.

1. JINA LILIKOTOKA

Mwanzoni mambo yalikuwa mepesi. Mwaka 1777 Mfaransa Lavoisier aliipa oksijeni jina lake, na kitu kilichoungana na oksijeni kikaitwa kimeoksidika. Mkaa ukiwaka umeoksidika. Msumari ukishika kutu umeoksidika. Kinyume chake, yaani kuiondoa oksijeni, kikaitwa reduction. Neno hili limetoka Kilatini, reducere, maana yake kurudisha. Lilikuwa neno la watu wa tanuri: unachukua jiwe lenye madini, unalitia motoni na mkaa, unalirudisha kuwa chuma au shaba. Tena ukipima kwenye mizani uzito umepungua kweli. Gramu 160 za oksidi ya chuma safi, Fe2O3, zikiondolewa oksijeni yote zinabaki gramu 112 za chuma. Kwa hiyo maana zote mbili, kurudisha na kupunguza, zilikaa pamoja bila kugombana.

Waarabu nao walipotafsiri walichagua upande wa kupunguza. Vitabu vya shule vya Kiarabu vinasema al-aksada wal-ikhtizal, na ikhtizal ni kufupisha, kupunguza. Kwa hiyo mtoto wa Kiarabu naye ana haki ya kuuliza swali lile lile la mpwa wangu.

Mwaka 1897 J.J. Thomson akaigundua elektroni. Baadaye wanakemia wakatambua kwamba oksijeni ni mfano mmoja tu wa jambo kubwa zaidi. Oksijeni inapoungana na chuma inachukua elektroni za chuma. Klorini nayo inafanya hivyo hivyo, na salfa pia. Basi maana ikapanuliwa: kupoteza elektroni ni uoksidishaji, kupata elektroni ni upunguzaji. Majina yakabaki yale yale ya zamani. Hapo ndipo wanafunzi wanapoanguka, kwa sababu "kupata" na "kupunguzwa" vinapigana kichwani.

2. DAFTARI LA DUKA

Jibu nililompa kijana ni hili: elektroni ni deni.

Elektroni ina chaji hasi. Fikiria duka la mtaani na daftari lake. Atomu ambayo haijapokea wala kutoa imesimama kwenye sifuri. Ikipokea elektroni moja imepokea deni moja, hesabu yake inashuka kuwa -1. Ikipokea mbili, -2. Ikimtwika mwingine elektroni zake tatu imejivua madeni matatu, hesabu yake inapanda kuwa +3. Kwa hiyo kilichopungua si idadi ya elektroni. Kilichopungua ni ile namba kwenye daftari. Anayepata elektroni namba yake inashuka, ndiyo maana tunasema amepunguzwa. Anayepoteza elektroni namba yake inapanda, huyo ameoksidika.

Namba hiyo ya kwenye daftari ndiyo inayoitwa namba ya uoksidishaji. Mwanafunzi akishaielewa, huhitaji kumkaririsha mengine.

Na kama ilivyo dukani, deni halipotei hewani. Alichotoa huyu lazima mwingine akipokee. Kwa hiyo hakuna uoksidishaji bila upunguzaji, vinakwenda pamoja, na jumla ya elektroni zilizotolewa ni sawasawa na zilizopokelewa. Ukiona hazilingani, umekosea hesabu au mlinganyo wenyewe haujasawazishwa.

3. HATUA ZENYEWE

Ukipewa mmenyuko wowote, fanya hivi:

Kwanza, elementi iliyo peke yake (chuma kitupu, O2, Cl2, mkaa) ina sifuri.

Pili, ioni ya atomu moja ina namba ya chaji yake. Na+ ni +1, Cl- ni -1, Fe3+ ni +3.

Tatu, ndani ya kampaundi oksijeni kwa kawaida ni -2 na hidrojeni ni +1. Ipo mizengwe michache: kwenye peroksidi kama H2O2 oksijeni ni -1, na hidrojeni iliyoungana na metali kama sodiamu ni -1. Flurini siku zote ni -1, haimwachii mtu.

Nne, jumla ya namba zote lazima iwe sifuri kwa kampaundi, au ilingane na chaji kama ni ioni. Hapo unampata yule usiyemjua. Mfano CuSO4: shaba +2, oksijeni nne ni -8, kwa hiyo salfa lazima iwe +6.

Tano, linganisha kushoto na kulia. Namba iliyopanda, uoksidishaji. Iliyoshuka, upunguzaji. Hakuna iliyohama? Basi huo si mmenyuko wa aina hii kabisa.

Tujaribu. Tia kipande cha zinki kwenye maji ya buluu ya sulfati ya shaba:

Zn + CuSO4 -> ZnSO4 + Cu

Salfa ilikuwa +6 imebaki +6. Oksijeni -2 imebaki -2. Zinki ilikuwa 0 imekuwa +2, imeoksidika. Shaba ilikuwa +2 imekuwa 0, imepunguzwa. Oksijeni yote imekaa na salfa yake vile vile, lakini uoksidishaji umefanyika mchana kweupe. Aliyekariri kwamba "uoksidishaji ni kuongeza oksijeni" hapa ameshapoteza maksi.

Neno jingine linalowachanganya ni kioksidishi. Kioksidishi ni yule anayempokea mwenzake madeni: mwenzake anapanda, yeye mwenyewe anashuka. Kwa hiyo kioksidishi ndicho kinachopunguzwa. Hapo juu kioksidishi ni ioni ya shaba.

4. MESAIEED NA BUHAYA

Sasa wanahistoria mje. Kusini mwa hapa Al Wakrah, ukifuata barabara ya pwani, unafika Mesaieed, mji wa viwanda. Kiwanda cha chuma cha Qatar Steel kilianza uzalishaji mwaka 1978. Qatar haina makaa ya mawe ila ina gesi asilia nyingi, kwa hiyo wanaibadilisha gesi kuwa mchanganyiko wa kaboni monoksidi na hidrojeni, kisha wanaupitisha kwenye vidonge vya madini ya chuma vilivyomo ndani ya tanuri refu:

Fe2O3 + 3CO -> 2Fe + 3CO2

Fungua daftari. Chuma +3 kimeshuka hadi 0. Atomu mbili zimepokea elektroni 6. Kaboni ndani ya CO ni +2, ndani ya CO2 ni +4. Atomu tatu zimetoa elektroni 6. Hesabu imefunga. Hidrojeni nayo inafanya kazi hiyo hiyo pembeni, inatoka 0 inakuwa +1 na kuondoka kama mvuke wa maji. Jambo la kuvutia ni kwamba chuma hakiyeyuki humo. Kinapunguzwa kikiwa bado kigumu, kinatoka kimejaa vitundu kama sponji, halafu ndiyo kinapelekwa kwenye tanuri la umeme.

Mwaka huo huo wa 1978 jarida la Science lilichapisha makala ya Peter Schmidt na Donald Avery kuhusu uchomaji wa chuma wa Wahaya, magharibi mwa Ziwa Victoria. Wazee waliokuwa wanaijua kazi hiyo walijenga tanuri upya, na mabaki ya matanuri yaliyofukuliwa huko Buhaya yalionyesha kwamba ufundi huo ni wa kale sana, zaidi ya miaka elfu moja na nusu. Shimo la tanuri lilijazwa matete ya kinamasi yaliyochomwa yakawa kaa, juu yake mkaa na mawe ya chuma, na mivukuto ikapuliza hewa kupitia mirija ya udongo. Schmidt na Avery walidai kwamba mirija hiyo iliingia ndani ya tanuri ili hewa ipate moto kwanza, na wataalamu wengine wakalipinga dai hilo. Tuwaachie mjadala wao. Kemia ya ndani ya tanuri haina ubishi: mkaa ukibanwa hewa unatoa CO, CO inampokonya chuma oksijeni yake, na chuma kinashuka kutoka +3 hadi 0. Kilichotoka tanurini kilikuwa bonge gumu la chuma lenye vitundu, takataka zikiwa zimeyeyuka na kujitenga.

Mlinganyo ni ule ule wa Mesaieed, neno kwa neno. Nilipomwambia mpwa wangu kwamba mlinganyo uliomo katika kitabu chake cha Kiingereza wazee wa Kagera walikuwa wanautenda kabla ya Waingereza kuwa na chuo kikuu hata kimoja, alinyamaza muda mrefu. Nadhani alikuwa anafikiri.

5. MTEGO WA CHOKAA

Nyie wa pwani huu ni wenu. Matumbawe na mawe ya chokaa tumeyachoma karne nyingi kujengea nyumba, kutoka Lamu mpaka Kilwa, na Mji Mkongwe wote umesimama juu ya chokaa. Tanuri linawaka usiku na mchana, gesi inatoka, jiwe linabadilika kuwa unga:

CaCO3 -> CaO + CO2

Kuna moto, kuna oksijeni inagawanyika huku na kule, kuna oksidi imezaliwa. Mwanafunzi anaruka juu: "Uoksidishaji!" Hebu tuone. Kalsiamu +2 kushoto, +2 kulia. Kaboni +4 kushoto, +4 kulia. Oksijeni -2 popote alipo. Hakuna elektroni hata moja iliyohama.

Halafu unaizimua chokaa kwa maji, inachemka mpaka inatisha: CaO + H2O -> Ca(OH)2. Angalia namba, hakuna iliyohama. Unaipaka ukutani, inavuta CO2 ya hewani na kugeuka jiwe tena: Ca(OH)2 + CO2 -> CaCO3 + H2O. Bado hakuna. Chokaa inazunguka safari nzima, kutoka jiwe hadi jiwe, bila mtu kumdai mtu. Kwa hiyo moto si dalili, joto si dalili, na oksijeni nayo si dalili. Dalili ni namba tu.

6. BOLTI ZA GETI LANGU

Hapa Al Wakrah bahari iko mlangoni. Hewa ni ya unyevu na chumvi, na bolti za chuma kitupu hazimalizi mwaka bila kubadilika rangi. Chuma kinatoa elektroni (Fe -> Fe2+ + 2e-), oksijeni pamoja na maji inazipokea (O2 + 2H2O + 4e- -> 4OH-), na chumvi inafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, kwa hiyo biashara inakwenda kasi. Baadaye chuma kinapanda tena hadi +3, na hapo ndipo unapoiona kutu nyekundu.

Mabati ya nyumbani yanadumu kwa sababu yamepakwa zinki, na zinki ni mwepesi zaidi wa kutoa elektroni kuliko chuma. Hata bati likikwaruzwa, zinki ya pembeni inajitoa yenyewe kwanza, chuma kinabaki 0. Mabaharia wanajua hili: boti za chuma hufungwa vipande vya zinki chini ya maji, vinaliwa badala ya boti, na vikiisha vinabadilishwa.

Mwaka 1824 Mwingereza Humphry Davy alifanya hivyo kwa meli za kivita zilizofunikwa shaba chini. Alifunga vipande vya zinki na chuma, na kweli shaba ikaacha kuliwa. Lakini magamba na majani ya bahari yakaanza kujaa kwenye meli mpaka zikaenda polepole! Kumbe ile shaba iliyokuwa inayeyuka kidogo kidogo ndiyo ilikuwa sumu ya kuwafukuza wadudu wa baharini. Ukizuia uoksidishaji ujue unazuia na kitu gani kingine.

7. PALE AMBAPO SI MTIHANI TU

Niliwahi kuitwa na jirani usiku. Msichana wa kazi alikuwa amemimina Jiki chooni, akaona haitoshi, akaongeza dawa nyingine ya choo yenye asidi. Alitoka anakohoa, macho yanachuruzika. Tulifungua madirisha, tukamtoa nje, Mungu akasaidia. Kilichotokea ni hiki:

NaClO + 2HCl -> NaCl + Cl2 + H2O

Ndani ya Jiki klorini ni +1. Ndani ya asidi ni -1. Kwenye gesi iliyotoka ni 0. Klorini ya Jiki imeshuka, imepunguzwa. Klorini moja ya asidi imepanda, imeoksidika. Ya pili imekwenda zake kwenye chumvi ikiwa -1 vile vile. Atomu za aina moja zimedaiana zenyewe kwa zenyewe, na matokeo ni gesi ya klorini, ile ile waliyoitumia Wajerumani kuulia watu Ypres mwaka 1915. Anayejua kusoma daftari hili hahitaji kuonywa mara mbili. Asiyejua, tumwambie kwa lugha anayoielewa: Jiki haichanganywi na asidi, kamwe.

La pili ni mkaa. Majira ya baridi hapa watu wanakwenda kupiga mahema jangwani, usiku wanaingiza jiko la mkaa ndani ya hema na kufunga. Nyumbani pia, Arusha na Mbeya, tunafanya. Mkaa ukikosa hewa ya kutosha kaboni inakwama njiani, inafika +2 badala ya +4, yaani inatoka CO badala ya CO2. Ndiyo gesi ile ile ya Mesaieed na Buhaya inayorudisha chuma. Haina rangi wala harufu, na katika damu inakaa kwenye kiti cha oksijeni. Mtu analala, haamki. Jiko libaki nje, jamani.

8. HITIMISHO NA SWALI

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaleteeni hoja kwamba tuachane na "upunguzaji", tuseme "urejeshaji", kwa sababu ndiyo maana ya asili na Mhaya wa tanurini angeielewa mara moja. Nimebadili mawazo. Zinki na shaba hapo juu hazina kinachorejea kwa maana ya tanuri, na klorini ya Jiki hairejei popote pazuri. Upunguzaji ni neno sahihi, ila tumelifundisha nusu. Nusu iliyokosekana ni kumwambia mtoto kinachopungua ni nini. Ni namba. Sentensi moja tu, na mimi na uzamivu wangu sikuwa nayo kwa lugha ya mama yangu.

Juzi nimempigia mpwa wangu, nikampa mtihani wa chokaa. Akaandika namba, akanyamaza, akasema, "Mjomba, hapa hakuna aliyepoteza wala aliyepata." Nikampongeza. Kabla sijakata akaniwahi: "Ila mjomba, zile kuni za chini ya tanuri je?"

Nyie wengine mnaofundisha huko mliko, mnatumia maneno gani kwa jambo hili? Leteni tuyapime hapa.

Naomba kuwasilisha.